Tamko la Saa Mbili na Robo

Mjane wa fundi alifika kituoni asubuhi mapema, sakafu ikiwa bado haijakauka baada ya kupigwa deki. Alipoambiwa aketi hakuketi. Aliweka gazeti juu ya meza ya Inspekta, akalinyoosha kwa kiganja, akagusa mstari mmoja kwa ncha ya kidole.

"Nisomee hapo, Afande. Mimi nimeshasoma. Nataka nisikie mtu mwingine akisoma kwa sauti, nione kama ataweza kumaliza bila kuona haya."

Inspekta alivaa miwani. "'Uchunguzi wa awali umebaini kuwa fundi wa zamu alifungua vali namba K-14 bila kibali cha kazi, kinyume na taratibu za usalama za kampuni. Wafanyakazi wawili wamepoteza maisha. Kampuni inatoa pole za dhati kwa familia.'"

"Pole za dhati," mjane alisema. "Jana tumemzika. Tulikuwa watu tisa, Afande. Kafanya kazi kwenye mtambo ule wa gesi miaka kumi na saba, anazikwa na watu tisa, na wanne kati yao ni mashemeji zangu. Wenzake wa kazini hakuna hata mmoja aliyetia mguu. Mwanangu mkubwa ameulizwa darasani baba yake ameua wangapi. Sikuja kulia hapa. Nimekuja kuuliza swali moja. Mnachunguza, au na nyinyi mnasubiri gazeti la kesho liwaambie?"

Sajenti, aliyekuwa akipanga picha kwenye meza ya pembeni, aliinamisha kichwa kana kwamba picha zimeanza kuongea.

"Mumeo alikuwa mtu wa namna gani kazini?" Inspekta aliuliza.

"Alikuwa anakera. Ukifunga mtungi wa jikoni, yeye anaufunga tena. Mmeshalala, anaamka kwenda kuunusa. Miaka yote hiyo nimeishi na pua ya mtu." Aliugusa tena ule mstari gazetini. "Mtu huyo ndiye afungue vali bila kibali?"

Aliondoka bila kuaga, gazeti akaliacha pale pale.

Askari wenzake walimwita Inspekta jina la Shangazi. Si kwa umri, ingawa hamsini alikuwa ameshaivuka. Walimwita hivyo kwa sababu aliuliza maswali kama shangazi aliyekwisha kusikia jambo kwa wengine na sasa anataka kulisikia kwenye mdomo wako. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akikasirika alikuwa anavua saa ya mkononi na kuiweka mezani. Asubuhi ile, mjane alipotoka tu, aliivua.

"Niambie tulichonacho, Sajenti. Anza na kinachombana marehemu."

"Kitabu cha vibali, Shangazi. Asubuhi ya moto hakuna kibali kilichoandikwa. Hapo kampuni haijadanganya. Mlipuko saa moja na dakika ishirini asubuhi. Tamko likatolewa saa mbili na robo. Zimamoto waliuzima moto saa nne kasoro. Fundi alifia pale pale. Msaidizi wake, yule binti, alifikishwa hospitali akiwa hai."

"Alifariki saa ngapi?"

Sajenti aligeuza karatasi. "Saa saba na nusu mchana. Maelezo ya mama yake haya hapa. Anasema alikuwa amekaa kitandani kwa mwanawe, anamlowesha midomo kwa pamba, simu ikaanza kuingia ujumbe wa pole. Akadhani watu wanampa pole ya ajali. Halafu ndugu mmoja akamuuliza mazishi lini. Binti akasikia. Akamuuliza mama yake, 'Mazishi ya nani?'"

Inspekta aliiandika saa hiyo pembeni ya gazeti. Sajenti naye akajifanya anatafuta kalamu.

"Saa mbili na robo," Inspekta alisema hatimaye, "kampuni ilisema wamekufa wawili. Saa mbili na robo alikuwa amekufa mmoja."

"Walikosea, Shangazi. Haraka. Mtu kaona machela mbili, kahesabu maiti mbili."

"Inawezekana. Nipe picha ya vali."

Sajenti alimsogezea. Bomba lilikuwa limefura na kupasuka, rangi imebabuka kwa moto, lakini kibati cha namba kilining'inia bado kwenye waya wake. Maandishi yalisomeka bila shida: B-3.

"Tamko linasema K-14," Inspekta alisema.

"Nimeliuliza hilo. Mlinzi wa getini anasema mwezi uliopita vibati vyote vilibadilishwa, mtambo mzima. Namba za K zikawa za B. Hiyo B-3 ndiyo iliyokuwa K-14. Vali ni ile ile."

"Kwa hiyo mwandishi wa tamko hakutaja vali nyingine. Ametaja hiyo hiyo, kwa jina lake la zamani."

"Labda ni mazoea."

"Mazoea ya nani? Anayeandika matamko anakaa ghorofa ya sita mjini. Hajui vali kwa sura, sembuse kwa jina. Yeye ananakili anachopewa. Na siku ya moto, kila mtu pale mtamboni angempa B-3." Aligonga gazeti, kisha picha, kwa ukucha. "Makosa mawili kwenye tamko moja. Idadi ya waliokufa, na jina la vali. Lingekuwa moja ningesema haraka. Nenda kanitafutie gari."

Njiani Sajenti alitoa jambo alilokuwa amelihifadhi kama mtu anayeficha kipande cha nyama chini ya wali. Mtaalamu wao wa kompyuta alikuwa amelichunguza faili la tamko kama lilivyotumwa kwenye vyumba vya habari. Faili lilifunguliwa kwa mara ya kwanza wiki sita kabla ya moto.

"Wiki sita, Shangazi. Waliandika kabla. Si wenyewe waliolipua?"

"Tutawauliza," Inspekta alisema. "Lakini usiharakishe kumpenda mchumba kabla hujamwona mchana."

Chumba cha mawasiliano cha kampuni kilikuwa cha vioo, kina zulia la kijivu linalomeza nyayo. Runinga tano zilikuwa zimewashwa bila sauti, kila moja stesheni yake. Kwenye meza ndefu kulikuwa na simu zilizobandikwa karatasi za rangi: nyekundu ya wizara, njano ya waandishi wa habari, kijani ya wenye hisa. Inspekta alitafuta rangi ya familia za wafanyakazi, asiione. Ukutani kulikuwa na bango lenye maandishi makubwa: DAKIKA 15, THIBITISHA. SAA MOJA, TAMKO. SAA TATU, SURA YA MWENYE HURUMA.

Wanaume wawili walikuwa wanawasubiri. Mmoja ni meneja wa mtambo, mtu mwenye shingo nene na kofia ngumu nyeupe iliyokuwa safi kupita kiasi kwa mtu aliyetoka kwenye moto siku nne zilizopita. Wa pili ni msemaji wa kampuni. Huyu waandishi wa habari walimwita Asali, kwa ulimi wake. Aliwahi kusoma taarifa redioni miaka mingi, na sauti ile alikuwa bado anaitembeza kama suti.

"Karibu sana, Afande," Asali alisema. "Kwanza kabisa, niseme tumeguswa mno, kama kampuni na kama binadamu."

"Asante. Meneja, ile vali iliyopasuka inaitwaje?"

"B-3," meneja alijibu papo hapo.

"Tamko lenu linasema K-14."

Meneja alimtazama Asali. "Makosa ya uchapaji."

"Kati ya B-3 na K-14 hakuna hata herufi moja inayofanana. Nani aliyempa jina hilo msemaji?"

"Meneja mwenyewe," Asali alisema, akitabasamu kwa upande mmoja. "Kwa simu. Saa mbili kasoro hivi."

"Mimi?" meneja aliuliza. "Mimi ndiye niliyesaini kubadilishwa kwa namba. Nitasemaje K-14?"

Tabasamu la Asali lilibaki usoni bila kazi.

"Naomba utupishe, Meneja," Inspekta alisema. "Usitoke ndani ya jengo. Sajenti, mwonyeshe kiti cha korido."

Mlango wa kioo ulipofungwa, Inspekta hakukaa mbele ya meza kama mgeni. Alivuta kiti akakaa upande ule ule wa Asali, magoti yao karibu kugusana.

"Faili la tamko lako limezaliwa wiki sita kabla ya moto."

Asali alishusha pumzi, karibu kwa furaha. Alikuwa amelitegemea swali hilo. "Afande, hilo niruhusu nikueleze, maana wengi hawaijui kazi hii. Kila kampuni ya mafuta na gesi ina matamko yaliyoandikwa tayari. Yana nafasi tupu. Tarehe, mahali, idadi. Likitokea lolote unajaza, unatuma. Moto, kuvuja, meli kugonga, hata mgomo. Kampuni isiyo nayo inaonekana haijali. Angalia." Aligeuza kompyuta yake. Ilikuwa kweli. Faili ishirini na moja, kila moja kwa ajali yake, zimepangwa kama nguo za msiba za kukodi. Inspekta alifungua tatu akazisoma zote hadi mwisho. Pole za dhati zilikuwamo katika kila moja.

Sajenti, aliyekuwa amerudi na kusimama mlangoni, alinywea. Ushahidi wake mzuri ulikuwa umemfia mkononi.

"Nimekuelewa," Inspekta alisema. "Ila katika hizi, jina la vali ni nafasi tupu. Idadi ya waliokufa ni nafasi tupu. Nani alaumiwe, nafasi tupu. Lile lililotoka asubuhi ya moto halikutokana na hizi. Maneno hayafanani."

"Tunaboresha mara kwa mara."

Inspekta aliinuka, akatembea hadi kwenye rafu iliyokuwa chini ya runinga. Majalada ya bluu yalikuwa yamesimama kwa mstari, migongo yao imeandikwa kwa mkono mzuri. Zoezi la Kwanza. Zoezi la Pili. Zoezi la Tatu. Zoezi la Tano.

"Haya ni ya nini?"

"Mazoezi ya dharura. Kila mwezi tunajifanya ajali imetokea. Wahandisi wanacheza nafasi yao, sisi tunacheza yetu. Kuna watu wanajifanya waandishi, wanatubana kwa maswali."

"Mnaandika tamko la zoezi?"

"Bila shaka. Kama la kweli."

"Yaani lenye namba zilizojazwa."

"Ndiyo. Za kubuni."

"La nne liko wapi?"

"Linafanyiwa marekebisho."

"Lilifanyika lini?"

"Sikumbuki vizuri. Ratiba zetu zimebanana."

Inspekta aliandika neno moja kwenye daftari lake, akaichana karatasi, akampa Sajenti bila kusema. Karatasi iliandikwa: Zimamoto. Sajenti alikuwa amefanya naye kazi miaka sita na hakuhitaji zaidi ya hapo. Mtambo wowote wa gesi ukifanya zoezi la dharura, zimamoto hualikwa kushuhudia, na zimamoto hawatupi karatasi hata ikiwa imefungiwa maandazi. Alishuka ngazi mbili mbili.

Dakika hamsini zilizofuata Inspekta alimwacha Asali aeleze kazi yake. Alieleza vizuri. Alisema saa ya kwanza ndiyo inayoamua, kwamba anayesema mwanzo ndiye watu wanayemkumbuka, na anayefuata hata akija na ukweli huonekana anajitetea. Alisema neno "tukio" lina ubaridi lakini neno "mlipuko" lina moto, kwa hiyo waandishi wakisema mlipuko yeye anasema tukio. Alisema watu wanataka kujua mambo mawili tu: nani kakosea na kama wao wako salama. Ukiwapa jina la mtu, wanalala.

"Na mtu huyo akiwa amekufa?"

"Afande, hatukutaja jina. Tulisema fundi wa zamu."

"Zamu ile ilikuwa na mafundi wangapi?"

Asali alijikuna shingoni. "Mmoja."

Sajenti alirudi akiwa na bahasha ya kaki na jasho mgongoni. Inspekta aliifungua pale pale, akatoa karatasi tatu zilizobanwa kwa pini iliyoanza kutu, juu zimepigwa muhuri wa kupokelewa na zimamoto, tarehe ya wiki sita nyuma. Alizisoma zote tatu kwanza. Kisha akavua saa yake akaiweka mezani kwa msemaji, katikati ya simu nyekundu na simu ya njano.

"Zoezi la Nne," alisoma. "'Hali ya kubuniwa: gesi inavuja kwenye vali K-14, mlipuko unatokea wakati wa zamu ya asubuhi, wafanyakazi wawili wanafariki.' Ukurasa wa tatu, tamko la zoezi. 'Uchunguzi wa awali umebaini kuwa fundi wa zamu alifungua vali namba K-14 bila kibali cha kazi, kinyume na taratibu za usalama za kampuni. Wafanyakazi wawili wamepoteza maisha. Kampuni inatoa pole za dhati kwa familia.'" Aliweka karatasi chini. "Niambie ulichobadilisha, ndugu yangu."

Asali alifungua mdomo. Sauti ya redio haikutoka. "Tarehe," alisema.

"Tarehe tu."

"Tarehe na saa."

"Kulikuwa na binti hospitali anaomba maji, na wewe umeshamzika kwa sababu kwenye mchezo wenu walikufa wawili. Mama yake aliletewa pole mtoto akiwa anaongea. Hukuhesabu hata maiti. Hukupiga simu moja."

"Ilikuwa lazima tutoke ndani ya saa moja."

"Lazima kwa nani?"

Asali alitazama bango la ukutani kama mwanafunzi anayetafuta jibu ubaoni.

"Mtambo ule una vali ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Sijui. Mia mbili. Zaidi."

"Kati ya mia mbili na zaidi, mkabuni ajali kwenye moja. Na baada ya wiki sita hiyo hiyo ikapasuka. Ama wewe ni mganga, ama kulikuwa na mtu anajua. Nani alichagua K-14?"

"Nilipewa tu. Mimi naandika, Afande. Naletewa, naandika."

"Ulipoambiwa mtamboni kuna moto, uliuliza moto uko wapi?"

Hapo ndipo Asali alipovunjika. Hakulia. Alilegeza tai, akaendelea kuilegeza hata ilipokuwa imeshalegea, akabaki ameishika mkononi. "Hapana," alisema. "Sikuuliza wapi."

"Kwa nini?"

"Nilijua."

Alivuta kompyuta, akatafuta kwa vidole vilivyokuwa vinagonga herufi zisizo zake, akafuta, akagonga tena. Barua pepe ilitokea. Ilikuwa imetoka kwa meneja wa mtambo, wiki saba zilizopita. Inspekta aliisoma akiwa amesimama, miwani ameishikilia kwa mkono.

Fundi wa zamu ameandika ripoti kwa mara ya tatu kuwa K-14 inavuja na mpira wake wa ndani umeisha. Kuibadilisha ni kusimamisha mtambo siku tisa, na kabla ya mwisho wa mwaka haiwezekani. Itumieni kwa zoezi lijalo, ili likitokea tusishikwe bila nguo. Kwenye tamko elekezeni kwa mtumiaji, si kwa kifaa.

Chini yake zilikuwa zimeambatishwa ripoti tatu, kila moja kwa mwandiko uliosimama wima, mwandiko wa mtu anayekandamiza kalamu. Ya tatu ilimaliza hivi: Ninaomba mara nyingine tena. Nikiwa zamu siku itakapoachia, sitakuwa na la kufanya.

"Hii imeandikwa na nani?" Inspekta aliuliza, ingawa sahihi ilikuwapo.

"Na yeye. Marehemu."

"Sajenti, njoo usome na wewe."

Sajenti alisoma. Masikio yake yalibadilika rangi.

"Kwa hiyo," Inspekta alisema polepole, kama anayehesabu watu kwenye foleni, "fundi anawaambia mara tatu kwamba vali itaua. Ninyi mnaichukua ripoti yake, mnaitengenezea tamko, na kwenye tamko muuaji mnamweka yeye. Akiwa hai. Anakuja kazini kila asubuhi, anawasalimia, na karatasi ya kumlaumu iko kwenye rafu. Wiki sita. Mngeweza kuagiza vali. Mkaagiza tamko."

"Mimi nilidhani wataibadilisha," Asali alisema. "Nilidhani zoezi litawastua."

"Lilipokosa kuwastua, ulimwambia nani?"

Msemaji wa kampuni, mtu ambaye hakuwahi kukosa la kusema mbele ya kipaza sauti, alitikisa kichwa.

"Utachapa barua hiyo pamoja na viambatisho vyote, mbele ya Sajenti, na kompyuta tunaondoka nayo. Kisha utakaa na Sajenti uandike maelezo yako. Ukiandika neno 'tukio' nitakurudishia karatasi."

Alipotoka koridoni, meneja alikuwa amesimama dirishani akiongea na wakili kwa simu. Aliinua kidole kumwomba Inspekta asubiri. Inspekta hakusubiri. Aliichukua simu kutoka sikioni kwake, akamwambia wakili kwamba wanaelekea kituo cha polisi na kwamba maegesho yako upande wa nyuma, akaikata.

"Unajua mtambo ukisimama siku tisa maana yake nini?" meneja aliuliza. Shingo ilikuwa imemjaa. "Hospitali zinakosa gesi. Viwanda vinafungwa. Watu elfu nne hawana kazi. Nyinyi mnaona vali tu."

"Mtambo umesimama sasa," Inspekta alisema. "Utasimama miezi sita. Geuka."

"Hakukuwa na kibali. Hilo huwezi kulifuta. Angalia kitabu. Fundi alishika vali bila kibali."

Hilo ndilo jambo moja ambalo Inspekta alikuwa bado hana jibu lake, na meneja aliliona usoni mwake. Akajaribu kutabasamu. Alitabasamu mpaka kwenye lifti, na mpaka ndani ya gari, akiwa na pingu.

Jibu lilikuja kwa simu, gari likiwa kwenye foleni ya taa. Alikuwa mkaguzi wa mitambo kutoka maabara ya serikali, mzee mmoja asiyejua salamu.

"Vali yako tumeipasua," alisema. "Mpira wa ndani umeliwa wote, imebaki chuma kwa chuma. Hiyo ilikuwa inavuja miezi. Lakini kuna kitu kingine. Usukani umekazwa hadi mwisho. Umekazwa mpaka mhimili wake umepinda, na hiyo si kazi ya mkono mmoja. Tumeona alama za mikono minne kwenye masizi. Yaani walikuwa wawili."

"Umekazwa kwenda upande gani?"

"Kufunga. Hapa hakuna mtu aliyefungua kitu. Vali inavujia pembeni kwa sababu mpira haupo. Walikuwa wanafunga, Afande. Walifunga mpaka ikawalipukia."

"Kazi ya namna hiyo inahitaji kibali?"

Mzee aliguna, kama aliyeulizwa kama kupumua kunahitaji leseni. "Kibali ni cha kazi iliyopangwa. Gesi ikitoka unafunga. Nani anakwenda kutafuta kitabu?"

Inspekta alimwambia arudie maelezo yote mwanzo hadi mwisho, akayaandika neno kwa neno juu ya goti lake. Kwenye kiti cha nyuma meneja aliacha kutabasamu, akaanza kutazama nje ya dirisha, ambako hakukuwa na cha kutazama isipokuwa ukuta.

Kituoni Inspekta alimkabidhi meneja kwa afisa wa zamu, akahakikisha jina lake limeandikwa kwa herufi zote. Alimpigia kwanza mama wa yule binti. Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama mwanawe alikuwa anashika usukani na yeye. Aliambiwa ndiyo, mikono yake ilikuwepo. "Alikuwa na nguvu," mama alisema, akakata simu.

Kisha akampigia mjane. Kulikuwa na kelele za masufuria na mtoto anayesoma kwa sauti.

"Mama, ni Inspekta. Meneja wa mtambo yuko mahabusu. Msemaji anaandika maelezo. Kesi itachukua muda na watajitetea sana, sitakudanganya. Lakini kuna jambo limethibitishwa leo na maabara, na nimeona usilisome gazetini. Mumeo hakufungua vali. Aliiripoti mara tatu, kwa maandishi, ninayo mkononi. Na asubuhi ile, ilipoachia, hakukimbia. Alikuwa anaifunga."

Upande wa pili masufuria yalinyamaza. Inspekta alisubiri. Alisikia kiti kikivutwa, mlango ukifunguliwa, majina matatu yakiitwa moja baada ya jingine, na miguu midogo ikija mbio.

"Afande," mjane alisema. "Nimeweka kwenye spika. Wako hapa wote. Sema tena."

Inspekta alisema tena.